Safari Njema Haitoshi

Kwetu Iringa, kijana akiaga kwenda Dar es Salaam, tunajua la kufanya. Jumapili ya mwisho anaitwa mbele ya madhabahu. Mchungaji anamwekea mikono, wazee wa kanisa wanasogea karibu, kwaya inaimba, na mama yake anafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Zaburi ya 91 inasomwa. Baada ya ibada tunampa mkono, wengine wakiwa wameficha noti ya elfu mbili kiganjani. Tunamwambia, “Safari njema, Mungu akutangulie.” Jumatatu alfajiri anapanda basi, nasi tunarudi shambani tukiamini kwamba tumetimiza wajibu wetu.

Miaka michache iliyopita tulimwaga hivyo binti mmoja wa kwaya ya vijana. Alikuwa na miaka 17. Mtu aliyepita kijijini akitafuta wasichana wa kazi za ndani alikuwa amemwahidi mshahara mzuri. Namba ya simu ya mtu huyo ndiyo anwani pekee aliyokuwa nayo, na ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu yake. Simu hiyo iliibwa katika msongamano wa kushuka basi, kabla hajatoka stendi. Akabaki amekaa juu ya begi lake mpaka usiku. Mwanamke mmoja mwenye maneno matamu, aliyemwita “mwanangu,” akamchukua akampeleka nyumbani kwake. Alifanya kazi katika nyumba hiyo miezi minane bila mshahara, bila simu na bila ruhusa ya kuvuka geti. Alipotoroka, aliyemsitiri ni mama lishe mmoja, Mwislamu, aliyemkuta analia kando ya barabara. Mama huyo alimlaza kwake siku mbili, akawachangisha wateja wake, akamkatia tiketi ya kurudi.

Aliporudi, mmoja wetu alimuuliza kama huko alikokuwa alikuwa anaomba. Mwingine akasema kwamba mji ule ni wa dhambi, na anayeukimbilia hupata anachostahili. Hakuna aliyewakemea. Tulikuwapo, tukanyamaza.

Tunaandika haya kuupinga ukimya ule, na kuipinga imani iliyo nyuma yake. Ni imani inayosema kwamba tukishaomba tumemaliza, na kwamba akiibiwa au akidhulumiwa, kasoro ni ya maombi yake. Hiyo tunaiita imani, lakini jina lake halisi ni uzembe. Tumewatuma watoto wetu mjini mikono mitupu, kisha tukamtaja Mungu ili tusiulizwe.

Tuanze na Zaburi hiyo ya 91 tunayoipenda. Katika Injili ya Luka, sura ya 4, kuna mtu mwingine aliyeitumia: ni Ibilisi, pale juu ya kinara cha hekalu. Alimtaka Bwana wetu ajirushe chini kwa kuwa malaika wameagizwa kumlinda. Bwana hakukana kwamba malaika hulinda. Alikataa kumjaribu Mungu. Sasa tujiulize: tukimpandisha binti wa miaka 17 kwenye basi, bila mwenyeji, bila anwani, bila namba aliyoikariri, kisha tukamsomea zaburi ile, ni nani kati ya wale wawili tunayemfuata?

Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu na adui wakapanga kumshambulia, alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Waliomba, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Hakuna aliyesema kwamba walinzi wale walionyesha upungufu wa imani.

Paulo naye anatufundisha zaidi. Katika Matendo sura ya 23, Bwana alisimama karibu naye usiku akamwahidi kwamba atafika Rumi, mji mkubwa kuliko yote ya siku zile. Asubuhi yake watu zaidi ya 40 wakaapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue. Mtoto wa dada yake akasikia, akaenda kumwambia. Paulo alikuwa na ahadi kutoka kinywani mwa Bwana mwenyewe, lakini hakumwambia mpwa wake arudi nyumbani akalale. Alimtuma kwa jemadari. Saa tatu ya usiku Paulo akatolewa mjini akiwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Mungu alitimiza ahadi yake kwa njia ya kijana aliyesikia jambo akalisema, na ofisa aliyelichukulia kwa uzito. Njia hizo mbili zipo hata kwetu.

Wapo watakaotujibu kwa Ezra. Kweli, Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani, akafunga na kuomba kando ya mto Ahava, na Mungu akawafikisha salama. Lakini tusiishie nusu ya sura. Baada ya kufunga, Ezra aliwachagua wakuu 12 wa makuhani, akawapimia fedha na dhahabu kwa mizani, na walipofika Yerusalemu vitu vile vikapimwa tena na uzito wake ukaandikwa. Alijua alichotuma, alijua kiko mikononi mwa nani, na alihakikisha kimepokelewa. Sisi hatukufanya hivyo hata kwa mtoto wa mtu.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wapo kati yao walioshuka kutoka kwenye basi kama lile la binti yetu. Walio wengi mjini ni watu wa kawaida wanaoamka saa kumi usiku kutafuta riziki. Tukiuita mji wote Sodoma tunawatukana ndugu zetu, na tena hatuwasaidii wanaokwenda. Mtu aliyeambiwa kwamba kila mtu mjini ni mwovu hatajua kumtofautisha mama lishe yule na mwanamke yule wa stendi. Wote wawili watamtisha, na atamfuata anayemwita “mwanangu” kwanza.

Mwizi wa mjini hatafuti mtu asiye na imani. Anamtafuta aliye peke yake, asiyejua mahali alipo, anayeona aibu kuuliza. Hila zake nyingi zinajulikana. Anayejitolea kukubebea begi stendi hutembea haraka kuliko wewe. Jirani mkarimu ndani ya basi hutoa biskuti au soda iliyotiwa dawa, ukazinduka huna kitu. Simu iliyoshikwa karibu na dirisha la daladala hukwapuliwa gari likisimama, na mkoba ulioning’inia begani upande wa barabara huondoka na pikipiki. Dalali wa uongo hukuonyesha chumba kisicho chake, anapokea kodi ya miezi sita, na siku ya kuhamia mnakutana wapangaji watatu mlangoni. Wakala wa kazi hudai pesa ya fomu kwanza. Na ujumbe unaingia kwenye simu, “Ile hela tuma kwenye namba hii,” ukimvizia mtu ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela siku hiyo.

Haya yote tunaweza kuyafundisha kwa saa moja, na hatufundishi. Tuna semina za ndoa, za uwakili na za uimbaji. Semina ya kijana anayeondoka kesho hatuna.

Basi tuseme wazi yanayopaswa kufanywa, na tuanze na huku anakotoka. Kabla ya kumwekea mikono, baraza la wazee limuulize: Unakwenda kwa nani? Anakaa mtaa gani? Nani amezungumza naye? Utashukia wapi? Wazee wetu wengi bado wanawaelekeza vijana washuke Ubungo, wakati stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Maelekezo ya zamani ni hatari, maana yanamfanya kijana asimame barabarani akishangaa. Apande basi linalofika kabla jua halijazama. Akariri namba mbili za simu kichwani, na aziandike pia kwenye karatasi ndani ya soksi. Pesa zake azigawe sehemu tatu. Asile cha mtu asiyemfahamu. Namba yake ya siri ya pesa za simu asimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni wa kampuni. Ajue kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kupeleka namba ya tapeli kwenda 15040.

Kuhusu kazi, tuwe wakali. Kazi inayodai ulipe kwanza haipo. Mwajiri anayetaka kukaa na kitambulisho chako na simu yako anataka kukaa na wewe. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na mtu anayezunguka vijijini kukusanya wasichana kwa ahadi za uongo anaguswa na sheria hiyo. Akifika kwetu, tusimkaribishe chai. Tumpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji ajieleze. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 tusimwage kabisa mbele ya madhabahu kwenda kufanya kazi katika nyumba ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Umaskini wa mzazi tunaujua, maana ni wetu pia. Lakini usharika unaochangia kiti cha mgeni rasmi unaweza kuchangia ada ya mtoto mmoja.

Kisha kuna barua. Sharika zetu zina utaratibu wa barua ya utambulisho, na wengi tunaiona kama karatasi ya kumwezesha mtu kushiriki Chakula cha Bwana au kufunga ndoa mahali pengine. Tumesahau asili yake. Sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi inaanza kwa kumtambulisha Fibi, mwanamke wa kanisa la Kenkrea, aliyekuwa anakwenda katika mji mkubwa. Paulo anawataka waumini wa Rumi wampokee na wamsaidie kwa jambo lolote atakalohitaji. Fibi hakwenda Rumi kama mtu asiye na wenyewe. Waraka ule uliwajulisha watu wa mji ule jina lake na kazi yake, na ukawapa wajibu juu yake.

Barua zetu nazo ziwe hivyo. Ziwe na namba ya simu ya mchungaji au mzee anayeituma na ya yule anayeipokea, na wawili hao wawe wamezungumza kabla basi halijaondoka. Kijana akifika, apige. Asipopiga hadi usiku, aliyempokea aulize.

Sasa tunageukia ninyi ndugu zetu wa sharika za mjini, nasi tunasema kwa upendo lakini bila kuficha. Jumapili mnawasimamisha wageni. Wanataja majina na mahali walikotoka, mnawapigia makofi ya upendo, wanakaa. Baada ya ibada kila mtu anakimbilia gari lake au kituo cha daladala, na hakuna aliyemuuliza mgeni analala wapi. Waraka wa Tatu wa Yohana unamsifu Gayo kwa sababu aliwapokea ndugu wageni na kuwasafirisha, na unamkemea Diotrefe kwa sababu aliwakataa na kuwazuia waliotaka kuwapokea. Diotrefe hakupinga fundisho lolote tunalosikia katika waraka ule. Alifunga mlango.

Kinachotakiwa si kikubwa. Katika kila jumuiya awepo mtu mmoja anayejua ni chumba gani mtaani kina mwenye nyumba mwaminifu, ampeleke mgeni kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ajulikane, na asimame shahidi anapolipa kodi na kupewa risiti. Amwonyeshe njia ya kupita usiku na njia ya kuepuka. Akiibiwa au akipigwa, amsindikize polisi afungue taarifa, na apate fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Akidhulumiwa kama binti yetu, amfikishe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kituo cha polisi kinatisha kwa mtu aliye peke yake, lakini akiongozana na mama mmoja wa kanisa aliyevaa kitambaa chake cha Jumapili, ataongea.

Lipo neno zito zaidi. Binti yetu alituambia kwamba mwanamke aliyemfungia miezi minane alikuwa anakwenda ibadani kila Jumapili, akiwa na Biblia yenye zipu, na alikuwa anafunga geti kwa nje. Hatujui kanisa gani, wala hatutaki kukisia. Lakini tunajua kwamba wapo wanaoketi nasi kwenye viti hivi ambao nyumbani kwao kuna msichana asiye na mshahara, asiye na siku ya kupumzika, asiyeruhusiwa kumpigia mama yake. Tunapohubiri juu ya uhalifu wa mjini tunawataja vibaka, kwa sababu vibaka hawatoi ahadi ya jengo. Mshahara uliozuiliwa nao ni wizi. Yakobo sura ya 5 inasema kilio cha ujira ulionyimwa kimefika masikioni mwa Bwana. Wachungaji wetu na waliseme hilo wakiwa wamevaa joho, siku ya mavuno, mbele ya wenye magari.

Na hao vibaka wenyewe, tumewahi kuwauliza walitoka wapi? Wapo waliokuja mjini kama waliokuja wengine, wakalala stendi, na wa kwanza kuwapokea wakawa ni wenye visu. Tunajua hofu iliyoingia Dar es Salaam mwaka 2015, na tena 2022, kwa sababu ya vikundi vya vijana wenye mapanga wanaoitwa panya road. Walioumizwa wanastahili haki, na wahalifu wanastahili mahakama. Lakini sauti ya “Mwizi!” ikisikika mtaani na tairi likaletwa, Mkristo hana nafasi katika duara lile, hata ya kutazama. Mahali anapopaswa kuwa ni kwenye simu, akipiga 112, na akiweza, kati ya kijana yule na mawe.

Tunajua pingamizi zitakazokuja. Mtasema kanisa si polisi. Kweli, na hatujaomba virungu. Tumeomba simu ipigwe na mgeni aulizwe analala wapi. Mtasema matapeli watakuja na barua za kughushi wapate kula bure. Watakuja. Ndiyo sababu barua ina namba ya aliyeituma, na dakika mbili za kuzungumza zitamtambua mwongo. Tusiwanyime wageni 50 wa kweli kwa sababu ya mmoja wa uongo. Mtasema hakuna bajeti. Mama lishe yule hakuwa na bajeti.

Yesu alipoeleza habari za mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang’anyi kati ya Yerusalemu na Yeriko, hakueleza kama mtu yule alikuwa ameomba kabla ya kuondoka, wala kwa nini alisafiri peke yake. Maswali hayo ni yetu, tunayauliza tukiwa tunapita upande wa pili. Yeye alitaka kujua nani alikuwa jirani yake. Katika habari ya binti yetu jibu linajulikana, na si sisi.

Baraza letu la wazee limekutana. Tumemwomba binti yule radhi, mbele ya watu walewale waliomsikia akiulizwa kama alikuwa anaomba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema angependa kuzungumza na wanaoondoka. Mwezi uliopita alikaa na vijana wawili kwenye ukumbi wa Shule ya Jumapili, akawakaririsha namba za simu mpaka wakaziweza wakiwa wamefumba macho. Wazee waliandika barua mbili, na mchungaji akapiga simu mbili kabla ya ibada.

Tunawasihi ninyi mnaosoma, wa vijijini na wa mjini. Jumapili ijayo kijana akiitwa mbele kuagwa, kabla hatujafumba macho, mmoja wetu asimame amuulize, “Utapokelewa na nani?” Kama hana jibu, basi liondoke bila yeye, na sisi tukae naye mpaka jibu lipatikane. Ndipo tuombe.